Kipande cha Bahasha Namba Kumi na Saba

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Naomba unishauri kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mjomba wangu anatuma makala kwenye jarida la wanasayansi, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba ina kosa.

Mjomba anachunguza kuvu zinazoota kwenye miti, zile ngumu zinazojitokeza kwenye magome kama rafu, na likizo hii nilimsaidia maabarani, yeye anakata kipande kimoja cha kutazama kwa hadubini na kingine ananipa nikikaushe kwa ajili ya kipimo cha vinasaba, sasa kile cha bahasha namba kumi na saba nilikifunga kibichi kwenye mfuko wa plastiki, kikaoza, nikaogopa, nikaenda kwenye kisiki nyuma ya maktaba nikakata kingine cha rangi ileile nikakitia badala yake. Majibu yakaja kwamba vinasaba havifanani na vya kuvu yoyote inayojulikana, ilhali umbo kwa hadubini ni la kuvu ya kawaida kabisa, na mjomba akamkimbilia mama, "Dada, hii imetuchezea sote, sura ya jirani, damu ngeni," kisha akaahidi kuipa jina langu. Nimeshaliandika kwenye jalada la daftari la biolojia. Nikisema nitalikosa na mjomba atachekwa. Nikinyamaza, kuna ubaya gani?

Msaidizi wa Likizo

Marahaba, mwanangu.

Ubaya gani? Umechukua uso wa huyu ukaubandika kwenye vinasaba vya yule. Watu wazima watazunguka misituni na visu wakitafuta kiumbe kilichozaliwa ndani ya bahasha, na kila wakikikosa watalitaja jina lako.

Mjomba naye asijifiche nyuma yako. Umbo linasema hivi, vinasaba vinasema vile, na msomi mzima, badala ya kurudia kipimo, anakwenda kumtangazia dada yake. Alipaswa kuuliza kwanza kama vipande vile vimetoka kwenye kuvu moja. Aliona utukufu, akasahau kutazama.

Lakini wewe umefundishwa vizuri, kwa hiyo fikiri. Vinasaba vilivyowashangaza vimetoka wapi? Kwenye kisiki cha maktaba. Umbo la kuvu ile hakuna aliyelitazama bado, hata wewe uliyeikata kama mwizi.

Leo hii mwambie mjomba yote, na usilie, machozi hayakaushi sampuli. Kisha mpeleke kwenye kisiki kabla mtunza bustani hajaking'oa. Kateni vipande viwili kwenye kuvu moja, vitieni kwenye bahasha ya karatasi, karatasi nimesema, na namba aiandike yeye mbele yako. Makala ya Ijumaa ibaki mezani. Huenda mkapata kitu kipya, huenda mkapata kosa jingine.

Jina lililoko kwenye jalada usilifute. Weka tu alama ya kuuliza mbele yake.