Mashini ya mama Ngalula

Kolwezi, siku ya mardi, mangaribi.

Na mi njo nilibafundisha benzangu ba kazi! Mashini zote za bilo yetu ya kazi, ma-kompyuta, ziko ku câble moja, waya yenye kupitisha maneno. Kila moja inasikiliza kwanza. Ikikuta kimya, inasema. Mbili zikisema pamoja, maneno inaharibika, zinangoja kidogo na kuanza tena. Zote zinasikia, lakini ile yenye iliitwa jina tu njo inapokea.

Leo chef, mukubwa wa bilo, ananiambia: « Tata, tosha mashini ya mama Ngalula, uiondoe ku câble. Alishaka kwenda Kasai na batoto yake, meza inakaa bule. » Niliitosha mbio-mbio, sikutaka kuangalia kiti yake. Nikasahau kuunganisha bipande mbili bya câble byenye bilikutana pa mashini yake. Bilo yote ikanyamaza, hata mashini ya chef. Akanikaripia mbele ya bote.

Nikaunganisha, zikarudia kusema.

« Unaona? Inatembea bila yeye, » chef akasema.

Kila asubui mama Ngalula alikuwa ananitumia jambo mu mashini. Tangu train yabo, ya batu ba Kasai benye balifukuzwa huku, iende, hakuna habari. Mi naogopa, basi.

Benzangu bakarudia ku manyumba yabo. Nikaandika jina ya mashini yake, yenye haiko tena ku câble, na maneno: « Mama, mulifika muzuri? » Mashini yangu ikaita, ikangoja, ikaita tena.

Sikuisimamisha.