Mstari wa Pili

Bagara, Babati
Jumapili, 14 Novemba 2004

Mdogo wangu mpendwa Aminiel,

Pokea marahaba yangu kabla hujaniamkia, maana najua hata kwenye karatasi ungeanza na shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la migodi ya huko Mirerani? Sisi huku tunaamka na tunakula. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida yake, na kama kawaida yake dawa anawagawia majirani badala ya kumeza mwenyewe. Baba ni mzima, mkali, na amepata shughuli mpya. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa, kila wiki anashuka karani mgeni kutafuta pa kuishi, basi baba ameamua chumba cha uani kipangishwe.

Chumba hicho ndicho kilichonikalisha niandike. Ndicho tulichompa mkeo Joyness alipokuja kujifungulia kwetu Julai mwaka jana, na humo ndimo alimofia Anjela wenu akiwa na siku kumi na tisa. Tangu mazishi hakijafunguliwa. Jumatano baba alinipa ufunguo akaniagiza nikakisafishe, nami nikaitikia kama ninayetumwa kufagia darasa.

Barua yako ya mwezi uliopita ilisomwa sebuleni, na msomaji nilikuwa mimi, mwalimu wenu. Umesema Desemba utakuja, mwende na wazee kwa wakwe zako Maisaka kuivunja ndoa, kwa kuwa huwezi kulala kitanda kimoja na mwanamke aliyemlalia mtoto wako hadi akamzima pumzi. Mama alilia. Baba alisema umechelewa. Mimi niliikunja barua, nikasema nina madaftari ya kusahihisha.

Joyness namwona. Anauza vitunguu sokoni, na amekonda hadi khanga inamzunguka mara tatu. Mwezi wa nane alinieleza, bila kuulizwa, kwamba huko kwao halali kitandani. Anakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, na akianza kusinzia anajifinya. Chumba wanamolala watoto wa dada yake hakanyagi. Alisema hakumbuki kumlalia mwanawe, anachokumbuka ni kichwa kumuuma tu, na hilo ndilo linalomtisha zaidi, kwamba mwili wake ulifanya jambo kama lile yeye asijue. Kisha alinishukuru. Alisema katika ukoo wetu mzima ni mimi peke yangu ambaye sijamtupia neno baya. Akanichagulia vitunguu vinono, akanifungia kwenye gazeti. Sikuweza kuvipika, vikachipua vikiwa jikoni.

Sasa mdogo wangu, tafuta mahali ukae, usome polepole.

Siku ile ilikuwa Jumamosi ya baridi, na upepo ulikuwa unatoka ziwani tangu asubuhi. Unajua mama anavyoamini kwamba mzazi lazima apate joto, la sivyo baridi itamwingia mifupani. Sisi wote tulilelewa na jiko la mkaa chini ya kitanda, ndivyo asemavyo. Baada ya chakula yeye na baba walikwenda msibani, wakaniachia mzazi na kichanga. Nikaingiza jiko, mkaa ukiwa mwekundu umeiva vizuri, hauna moshi hata kidogo. Hapa kwetu moshi ndio unaoogopwa. Mkaa ulioiva nani anauogopa?

Joyness aliniambia kichwa kinamgonga, akaomba nifungue dirisha. Nilifungua. Niliporudi baadaye nikakuta pazia linapepea juu ya mtoto, nikamkemea mkeo, Aminiel, nikamwambia mwanamke aliyezaa mara moja asinifundishe kulea, mimi ambaye sijazaa hata hiyo mara moja. Nikafunga dirisha. Nikaziba nyufa zake kwa matambara, nikaongeza mkaa, nikarudishia mlango. Ilikuwa kama saa nane. Saa kumi nilimpelekea mtori, nikamkuta amelala fofofo, mtoto ubavuni pake. Nilimtikisa mno ndipo akaamka, akaanza kutapika. Anjela hakuamka.

Nilikimbia naye hospitali mimi mwenyewe. Daktari alinieleza kwa Kiswahili chepesi kabisa, kisha akaandika mistari miwili kwa Kiingereza. Wa kwanza ni neno moja, asphyxia. Wa pili unasema sababu ni hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Jioni, ndugu wakiwa wamejaa sebuleni, baba alinipa karatasi ile niisome. Nilisoma mstari wa kwanza. Akauliza maana yake, nami nikaenda kuleta kamusi, mwalimu wa Kiingereza! Nikawatajia: kukosa hewa, kuzibwa pumzi, kupaliwa, kukabwa, kusongwa. Niliyataja moja baada ya jingine ili nisifike mstari wa pili. Ndipo mama akauliza, kichanga cha siku kumi na tisa kingezibwa pumzi na nini kama si na mwili wa mama yake. Wote wakanitazama.

Nilisema ndiyo, karatasi inasema amelaliwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema, nikaitia karatasi ndani ya kamusi, na imekaa humo hadi leo.

Usinihurumie, lakini ujue. Nalala madirisha wazi, mbu wakinila, na bado naamka nikihema. Nikiwa darasani, chaki mkononi, maneno yale matano yanakuja yenyewe kwa mpangilio uleule, nami nageukia ubao hadi yapite. Jumatano nilipofungua chumba, matambara yalikuwa bado yamo dirishani, nilivyoyashindilia. Niliyatoa moja moja. Upepo ukaingia, nikavuta pumzi mahali pale ambapo wao waliikosa, nikaona kwamba siwezi tena.

Karatasi ya daktari nimeiweka ndani ya bahasha hii. Usinitegemee mimi kuisoma, tafuta mtu mwingine akusomee mstari wa pili. Baba na mama nitawaambia mwenyewe leo wakitoka kanisani. Sokoni nimeshakwenda mara tatu kumwambia Joyness, na mara zote nimerudi na vitunguu. Kwa hiyo nakuomba, usingoje Desemba. Panda basi la kwanza, na ukishuka stendi usipitie kwetu. Nenda Maisaka kwa mkeo kwanza, umwambie si yeye, ni mimi, kisha umwambie alale.

Wasalimie wenzako wote kambini. Mama angekutumia salamu, ila hajui kwamba nakuandikia. Ile shikamoo yako safari hii kaa nayo, mpaka mwenyewe utakapoona inanistahili.

Ni mimi dada yako,
Scholastica