Mtu wa Nyuma

Kaka,

Sisi wazima, ila goti la Mama bado linamsumbua.

Jumamosi klabu yetu ya pikipiki ilikwenda kisiwani kwa siku mbili. Mimi kama kawaida nilivaa kizibao cha rangi ya machungwa nikakaa mwisho wa msafara, kuhakikisha hakuna anayeachwa. Tulipokaribia kivuko, mwenzetu mmoja, Mwalimu, akapata pancha. Nikamzibia, nikamwambia atangulie wakati nakusanya spana zangu. Nilipofika, kivuko kilikuwa kimeshaondoka. Nikapiga simu wee, hakuna aliyepokea. Baadaye wakanitumia picha, wamejipanga ufukweni wanacheka, wameandika, “Tumefika wote salama.”

Wote. Lakini wasingejua, maana anayewahesabu kila safari ni mimi.

Nikageuza nikarudi nyumbani. Mama hakunitarajia siku hiyo, kwa hiyo aliposikia geti alitoka haraka na goti lake hilo hilo. Aliponiona akasimama. “Kumbe ni wewe,” akasema, akarudi ndani.

Kizibao cha klabu nimewarudishia Jumatatu. Hiki kingine cha kubaki nyuma na Mama, ulichonivika ulipoondoka, mwaka wa sita huu, njoo ukichukue mwenyewe.

Mdogo wako