Mkono wa Pole

Jumatatu, 5 Mei
Duka la spea leo limelala. Makupa nzima haina gari bovu? Nimecheza sataranji na simu, nimeifunga mara mbili. Jumamosi zamu ya Katana, fundi wa kuchomelea, mwenzangu wa klabu. Atakayeshinda ndiye wa mwisho kuingia timu ya kwenda Kisumu. Dubai nimefika, Maskati nimefika, Kisumu sijafika! Naitaka nafasi hii mpaka naona haya.

Jumatano, 7 Mei
Katana hakuja mazoezini. Ananiogopa. Nimewatangazia watu wa baraza zima la Kibokoni, hata wasiouliza.

Jumamosi, 10 Mei
Sina hamu, lakini naandika.

Nilikuwa nimemzidi Katana kete ya ngome nzima. Raha ikanipanda kichwani, nikamchokoza: "Mbona kimya, yakhe? Umefiwa?"

"Nimefiwa," akasema. "Mama. Tulimzika juzi, Kaloleni."

Na mimi nilisema ananiogopa! Nikampa mkono. "Pole sana, ndugu yangu." Pole bila mkono ni pole gani? Akaupokea.

Bi Salma, mwamuzi wetu, alikuwa mbali, ameona mikono tu. Akaja, akasimamisha saa, akaandika nimeshindwa. Maana kwenye sataranji, anyooshaye mkono mchezo haujaisha amesalimu amri. Shule niliacha darasa la sita, lakini sheria hiyo naijua. Nikawaka. Kisha nikameza. Nipige kelele mbele ya mfiwa? Basi, Kisumu imekwenda.

Katana akakataa kutia sahihi karatasi ya matokeo. "Huyu alikuwa akinipa pole, Bi Salma. Washa saa."

Saa ikawashwa. Na mimi, bingwa wa kisiwa kizima, kila nikitazama ubao naona mtu katoka kumzika mamake. Nikampa farasi bure. Kisha ngome. Nikafungwa.

Sikumwachia. Wallahi sikumwachia. Ningalimwachia, ningalijisifu.

Jumapili, 11 Mei
Nina uchungu. Sitaki mtu.

Jumatatu, 12 Mei
Nimefunga duka mapema, nimekwenda matangani Kaloleni na kilo nne za sukari. Nimekaa mkekani ubavuni mwa Katana. Sikutia mzaha hata mmoja, na hiyo kwangu ni kazi ya sulubu. Sataranji hatukuitaja. Ami yake akauliza mimi ni nani.

"Ndugu yangu wa mjini," Katana akamwambia.

Nikasogezewa chai. Nikanywa.