Aliyoambiwa Mai See

Kaying, nimetoka ukumbini sasa hivi, niko kwenye gari.

Leo tulikuwa tunamfunga Mai See nyuzi za baraka mkononi, kumpongeza. Yule aliyefundisha shule moja na marehemu mume wangu Tou Ger. Kashinda kiti cha bunge la jimbo! Mtoto wa kambi ya wakimbizi Thailand, kafika Marekani, hapa Saint Paul, hajui hata kusalimia kwa Kiingereza.

Zamu yangu ikafika. Nimeshika uzi, naye akaninong'oneza: "Dada, ni Tou Ger aliyeniambia nigombee. Aliniambia siku zile amelazwa."

Amelazwa, Kaying! Na mimi nilikuwepo kila siku, namlisha uji. Mimi niliambiwa nifunge pazia. Mai See akaambiwa agombee ubunge.

Wazee wakaanza kelele: "We shemeji, mtamkie baraka, kuku wa karamu wanapoa!"

Baraka hazikutoka. Nikamuuliza kwa sauti, ukumbi mzima unasikia: "Alikuambia nini kingine?"

Watu wakacheka, wakidhani natania.

Mai See hakucheka. Alinitazama usoni akasema, "Mengi, dada."

Mengi! Nikakaza fundo, nikatoka.