Samli Niliyokupaka Asubuhi ya Bodi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikajikuta nasubiri uitikie. Mazoea tu. Hata ulipokuwa hai, miaka ile ya mwisho, marahaba yako ilichelewa, ikitanguliwa na kikohozi, nasi tukajifunza kungoja mlangoni bila kuonyesha kwamba tunangoja.

Nakuandikia kwa sababu Mzee Maganga wa Bukene amepewa karatasi. Yule mwenzako wa jeshini, mliyekuwa mkibeba naye mapipa. Amepewa karatasi ile ile uliyoifuata wewe ukaikosa: atibiwe na serikali maisha yake yote, apelekwe hadi Dar es Salaam kwa daktari wa mapafu, na pensheni ya ulemavu juu yake. Habari njema kabisa. Nilipoisikia niliketi chini jikoni nikalia mpaka mama akaja mbio akidhani tumefiwa tena.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka vitani? Mimi nilikuwa na miaka minane hivi. Tulikwenda kukupokea stesheni ya Usoke, na bibi alikuja na kibuyu cha samli kwapani. Kwetu, unajua mwenyewe, ni watu wa njia. Babu yako alibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi, na tangu enzi hizo wanawake wa nyumba yetu hawakubali msafiri aingie uani na safari yake mwilini. Anaogeshwa nje, nyuma ya ua, anapakwa samli mpaka ang'ae, ndipo majirani wamwone. Alichofanyiwa njiani ni siri ya mke wake na mama yake.

Bibi alikuvua shati, mkono wake ukasimama. Nilichungulia kwenye upenyo wa ua. Shingoni na makwapani ulikuwa na mabaka meusi, ngozi imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Bibi alichota samli nyingi zaidi, akapaka, akapaka, kisha akakutoa mbele za watu na kutangaza, "Mwanangu amerudi mzima!" Vigelegele vikapigwa, na mimi nikapiga kuliko wote.

Habari za mapipa uliniambia mara moja tu, siku tulipokwenda msituni kutazama mizinga yako ya nyuki. Ulikuwa umeketi kupumzika, jambo ambalo zamani hukulifanya.

"Tulikuwa tunayahamisha ghalani, huko Bara Hindi," ulisema. "Mengine yalivuja. Yananuka kama kitunguu saumu."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Sumu ya vita. Haikutumika hata siku moja. Waliopatwa nayo ni sisi tuliobeba."

Nikauliza kama hawakuwapa dawa. Ukacheka kidogo. "Walituambia tuoge."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini pilau ya mama haikuwa na kitunguu saumu. Krismasi moja alisahau akatia, ukainuka ukaenda kula ugali kwa jirani, siku ya Krismasi! Mama alinuna hadi Mwaka Mpya. Sisi watoto tulikutania kwamba askari mzima anakimbia kiungo cha pilau, nawe ukatuacha tucheke.

Baadaye kifua kilikushinda. Hukuweza tena kupanda mti, na moshi wa kufukuzia nyuki ulikuangusha magotini. Mizinga ikabaki huko juu, nyuki wakaingia na kutoka wapendavyo. Zahanati walikupa dawa ya maji ya kikohozi, chupa baada ya chupa. Ndipo ikaja barua kwamba bodi ya madaktari itakaa Tabora kuwapima askari wa zamani. Bibi alikuwa ameshafariki, mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo nilikusindikiza mimi. Tulilala kwa shangazi mjini, na shangazi akanikabidhi kibuyu. "Safari hii ni yako," aliniambia. "Usituaibishe."

Sikuwaaibisha, Baba. Asubuhi ile nilikuchemshia maji, nawe ukaoga. Nilikupaka samli mikono, shingo na mgongo, na kwenye mabaka nikarudia mara mbili, mara tatu, nikisugua kwa kiganja mpaka yakafifia. Nikakunywesha asali kwa maji ya moto, vijiko sijui vingapi, ile asali nzito ya miombo uliyoirina mwenyewe ukiwa bado na pumzi, mpaka kifua kikatulia kama cha mtu mwingine. Nikapiga pasi shati lako jeupe. Ulijitazama kwenye kioo cha shangazi ukasema, "Leo mmeniozesha bila kunipa habari." Tulicheka sote watatu. Nilikuona umependeza, na nilijivuna.

Pale bomani mlango uliachwa wazi, niliona yote kutoka barazani. Daktari Mzungu, na karani wa kutafsiri. Ulisimama kisigino kwa kisigino, kifua mbele. Daktari alipitisha kidole mkononi mwako, kidole kikateleza. Akakuwekea chombo mgongoni, ukavuta pumzi taratibu na kuishikilia, nami nikashikilia yangu.

"Anauliza, unakohoa?" karani akasema.

"Kidogo tu, bwana."

Kidogo tu! Wakaandika. Karani akakusomea: ngozi nzuri, kifua hakina neno, mtu ana nguvu. Ulipiga saluti ukatoka. Hatukufika mbali. Kwenye kona ya ukuta wa boma kikohozi kikakurudia chote ulichokuwa umekizuia, ukashika ukuta kwa mikono miwili, na shati likaingia madoa. Nilirudi mbio mpaka mlangoni. "Njooni mumwone! Njooni mumwone sasa hivi!" Karani alinitazama kwa huruma, sikatai. "Dada," alisema, "bodi imeshaandika."

Kwenye treni ya kurudi nililia njia nzima. Ulinipa leso yako. "Usilie, mama. Umenitengeneza vizuri mno." Sikujua unanisifu au unanilaumu, na miaka miwili uliyobakiza sikuthubutu kukuuliza. Uliimaliza ukilala kwa kukaa, mgongo ukutani, mama akikushikilia upande mmoja na mimi upande wa pili.

Tangu hapo nimeishi kwa neno moja: wale watu wana mioyo migumu, wangekunyima hata ungeingia ukiwa umebebwa. Nalitumia kila shaka inaponijia.

Mwaka huu nikasikia bodi inakaa tena, na Mzee Maganga ameitwa. Nikapanda treni hadi Bukene. Nilimkuta mkewe, Mama Nyamizi, ameshaandaa kibuyu. Nao ni watu wa njia kama sisi.

"Usimpake kitu," nilimwambia. "Wala asali usimpe."

Alikasirika. "Nimtoe mume wangu mbele za watu amepauka, kama mtu asiye na mke? Wewe binti, watu watanielewaje?"

Basi nikamweleza habari zako. Sikuwahi kumweleza mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakirudisha kibuyu darini, akaenda nyuma ya nyumba kumwambia mumewe. Mzee Maganga alikwenda Tabora amepauka, mabaka yamepasuka, akikohoa tangu mlangoni. Wanasema daktari aliinuka mwenyewe akamletea kiti.

Kwa hiyo sasa najua. Na nikwambie ukweli, kwa kuwa huwezi tena kunikemea: nilipoletewa habari, kabla sijalia, kwa kitambo kidogo nilitamani wangemnyima na yeye. Nimeona haya kuliandika, lakini lilinipitia moyoni.

Nina hasira, Baba. Nina hasira nao, maana mapipa yalikuwa yao, ghala lilikuwa lao, na majina ya waliobeba walikuwa nayo. Kwa nini mtu aende amechakaa ndipo aaminiwe? Nina hasira nawe pia. Ungekohoa. Mara moja tu, mbele yake, ungekohoa! Hukuwa tena askari wake. Lakini najua kwa nini hukukohoa. Nilikuwa nimesimama barazani nikikutazama kwa fahari, na hukutaka kunivunja moyo.

Kuna jambo moja mama halijui. Siku ya mazishi, wanaume waliokuosha walimtuma mjomba aje kuomba samli, upakwe kwa safari ya mwisho kama ilivyo kwetu. Nilimwambia imekwisha. Kibuyu kilikuwa nyuma ya mlango, kimejaa hadi shingoni. Sikuweza, Baba. Ulizikwa umepauka, mabaka yako yote yakionekana, na siku hiyo hapakuwa na daktari wa kuyatazama.

Kwaheri. Ukimkuta bibi huko, mwambie mwenyewe kwa nini umefika bila samli, mimi siwezi.

Binti yako,
aliyekupaka vizuri mno