Pingili za Kichwa Chini

Murungu, Jumanne, Novemba 2013

Sijasahau kitu tangu nizaliwe. Uongo. Leo nimesahau majina ya mbegu tatu za mihogo tulizofundishwa, tena mbele ya watu, na bwana shamba akanifuta kwenye orodha ya watakaogawiwa mbegu mpya.

"Mzee, usichokikumbuka hukujifunza," akasema. "Kichwa cha mzee ni debe lililojaa, ukimimina linamwagika."

Debe! Alilifungua langu lini akachungulia? Na nani kamwambia jina likitoroka, na kazi imetoroka nalo? Hayo hakuyathibitisha. Aliyapenyeza tu, kama wanaotia maji kwenye pombe ya ndizi wakidhani walevi hatuna ulimi.

Edisoni, kijana wa jirani, aliyataja majina yote kama kasuku, akapigiwa makofi. Nikasema twende basi shamba la mfano, tukaone tulichopanda siku ya mafunzo. Pingili za kasuku, vile vipande vya shina la mhogo, zimesimama kichwa chini, macho yanatazama kuzimu, hazijaota hata moja. Zangu zina majani.

"Bahati hiyo, mzee," akasema bwana shamba.

Bahati! Mpumbavu mwenye buti.

Lakini jina langu bado limefutwa, na mihogo yangu ya zamani imekwisha kwa ugonjwa wa batobato. Sijui mwakani nitakula nini. Nikicheka, nacheka na hofu.

Mwajuma jirani yangu, wewe umo kwenye orodha. Siku ile ya mafunzo nilikugeuzia mstari mzima uliokuwa umeupanda kichwa chini, nawe ukacheka ukasema utanikumbuka. Haya, kumbuka. Nigawie pingili kumi.